Kiganja cha Chumvi

Mwanangu Debora,

Naogopa. Nimeanza na neno hilo kwa sababu nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe. Umekwenda kwa shangazi yako kuaga, na mume wangu Yona yuko uani anafunga sanduku lako kwa kamba ya katani, anapiga mluzi kana kwamba kesho ni sikukuu. Mimi nimekaa mezani na kalamu. Kuna jambo nimekuficha kwa miaka ishirini na moja, na kesho alfajiri basi la Kondoa linakuchukua.

Sitakuandikia habari za neti, wala za sweta, wala za watu wa kuchagua kuwa marafiki. Muuguzi mzima hafundishwi na mama yake kuchemsha maji. Nataka kukuambia jambo moja tu, na nikilimaliza utajua kwa nini hapo juu mwandiko umepinda.

Wiki iliyopita ulirudi kutoka wodini, siku ya mwisho ya mafunzo yako. Mimi nilikuwa jikoni nakata vitunguu vya kachumbari, nimeshavinyunyizia chumvi, vimeanza kutoa maji kwenye sahani.

"Mama, leo nimeona maajabu," ulisema huku unavua viatu. "Mtoto anaharisha, mama yake kamkorogea maji ya chumvi kama anakausha samaki! Tunamuuliza umempa nini, anatukazia macho. Eti sijampa kitu."

Nikakuuliza mtoto anaendeleaje.

"Yeye anaendelea. Ila yule mama! Watu wa hivyo mimi sina huruma nao, kwa kweli. Ningekuwa na uwezo ningemnyang'anya mtoto."

Kisha ukaniangalia ukacheka. "Mama, kitunguu kimekuliza leo."

Nikasema ndiyo, ni kitunguu. Ukachukua kisu mkononi mwangu ukaendelea kukata wewe, ukinisukuma kwa nyonga yako niende nikapumzike. Nilikwenda chumbani nikafunga mlango.

Debora, yule mama ni mimi.

Ulikuwa na mwaka mmoja na nusu. Tulikuwa tumehamia hapa mjini, Makole, karibuni, chumba kimoja, na marehemu baba yako alikuwa Singida kikazi. Ulianza kuhara Jumatatu. Jumanne asubuhi macho yalikuwa yameingia ndani. Mimi nilijua la kufanya, au nilidhani najua, kwa sababu nilikuwa nimemwona bibi yako akifanya kule kijijini Bahi tangu nikiwa mtoto. Maji yaliyochemshwa, sukari, na chumvi ya kiganja.

Chumvi ya bibi yako uliwahi kuiona, ingawa siku hizi watu wachache wanaitengeneza. Wanakwangua udongo wa mbugani wakati wa kiangazi, wanauchuja kwa maji, wanayachemsha yale maji mpaka kitu cha kijivu kibaki chunguni. Ina udongo ndani yake, ina uchungu kidogo, na ni hafifu. Ukitaka mboga ikolee unatia kwa kiganja, na bibi yako alikuwa hana kijiko cha kupimia kitu chochote maishani mwake. Hata dawa ya mtoto anayehara aliipima kwa kiganja hicho hicho, akakoroga, akamnywesha, na mtoto akapona. Alinilea hivyo mimi na wadogo zangu.

Basi na mimi nikafungua kiganja. Ila chumvi niliyokuwa nayo ilikuwa ya dukani, ya pakiti, nyeupe, laini kama unga. Mkono ulikuwa wa Bahi na chumvi ilikuwa ya Makole. Niliitia kwenye jagi moja la maji, nikaongeza sukari, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Nilikunja uso. Nikajiambia dawa lazima iwe kali.

Ulikunywa. Ulitapika kidogo, nikakupa tena. Na jambo linalonifanya mpaka leo nishindwe kulala chali ni hili: ulikuwa na kiu. Ulikishika kikombe kwa mikono miwili ukakivuta. Kila ulipokunywa kiu ilizidi, na kila kiu ilipozidi mimi nilifurahi, nikasema mtoto anakunywa vizuri, anapona. Nikamaliza jagi, nikakoroga jingine.

Kufika mchana ulikuwa hulii kama mtoto. Ulilia kwa sauti nyembamba, ya juu, bila kukoma, na ukishikwa unaruka. Nikakugusa tumbo, ngozi ilikuwa kama unga uliokandwa, ukiibonyeza inabaki vile ulivyoibonyeza. Nikakubeba mgongoni nikakimbia.

Pale kituo cha afya, mbele yangu kulikuwa na mama mmoja mwenye mtoto aliyepewa mizizi nyumbani. Nesi alikuwa anamfokea mbele ya benchi zima.

"Nyie ndio mnaua watoto halafu mnatuletea sisi! Umesoma wewe? Umesoma mpaka la ngapi?"

Yule mama alijifunika uso kwa khanga. Benchi zima likamwangalia. Kuna mzee akasema, "Wanawake wa siku hizi," na wengine wakaguna.

Mimi nilikuwa nimesoma mpaka kidato cha nne, Debora. Na nilikuwa ninajivunia sana, pale mtaani walikuwa wananiletea barua niwasomee. Zamu yangu ikafika.

"Mtoto ana nini?"

"Anaharisha, nesi. Shikamoo."

"Marahaba. Umempa nini nyumbani?"

"Maji tu."

"Hakuna dawa ya kienyeji?"

"Hakuna."

"Una hakika, mama?"

"Maji tu, nesi. Ya kuchemsha."

Akanisifu. Sikia hapo: akanisifu. Akasema afadhali mimi nimeelewa. Nami nikakaa na sifa ile mapajani pamoja na wewe.

Wakakupa maji kama anavyopewa mtoto yeyote aliyekaukiwa. Dripu ikakimbia, na mimi juu yake nikakunywesha kwa kikombe maji matupu, mengi, haraka, nikimwomba Mungu afute lile jagi. Kwa nusu saa hivi ulitulia. Nikaona nimeokoka, na siri yangu imeokoka.

Halafu jicho lako likageukia juu. Mkono wa kushoto ukaanza kuruka, kisha mguu, kisha mwili wote. Nilipiga kelele sikujua nasema nini. Daktari kijana akaja mbio, mikono ya koti imekunjwa, akakulaza ubavu, akasema, "Mama, huyu mtoto kuna kitu mnanificha. Sitaki kukufokea. Niambie tu."

Sitaki kukufokea. Kama angesema neno jingine lolote, sijui. Nikafungua kiganja changu, nikamwonyesha.

"Chumvi?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Ya pakiti? Kwenye maji kiasi gani?"

"Jagi. Majagi mawili."

Hakunilaani. Aligeuka akapunguza kasi ya dripu mpaka tone likawa linaning'inia na kufikiri kabla ya kudondoka. Akakuchoma sindano ya kutuliza ile mishtuko. Akaninyang'anya kikombe. Nikamwambia mtoto ana kiu, daktari, muone ulimi wake, mbona unamnyima maji? Nilimkamata koti. Nesi akanivuta.

Degedege ilipotulia alikuja akachuchumaa mbele yangu, akanieleza huku anachora kwa kalamu nyuma ya kadi ya kliniki. Mwili wa mtoto ni vijumba vidogo vingi, seli, na kila kijumba kina utando. Utando ule unapitisha maji kwa urahisi ila chumvi haipiti ovyo. Chumvi ikijaa nje, maji ya ndani yanatoka kuifuata, na kijumba kinasinyaa. "Ndiyo kiu ile uliyoiona, mama. Alikuwa anakunywa huku anakauka."

Kisha akachora fuvu. Akasema seli za ubongo zinapokaa kwenye chumvi huanza kujizoeza, zinajikusanyia vitu ndani ili zisinyauke zote. Ukija ghafla na maji mengi matupu, nje kunakuwa kwepesi, ndani kumebaki kuzito, basi maji yanageuza njia na kukimbilia ndani. Seli zinavimba. "Na ubongo umezungukwa na mfupa. Ukivimba hauna pa kwenda." Maji yale yale unayoyataka yaokoe, yakija haraka ndiyo yanaleta degedege. Inabidi yarudi polepole, kwa siku mbili, matone kwa matone. "Ningejua mapema ningeanza hivyo," alisema.

Wewe yote haya unayajua kwa majina yake makubwa. Lakini nataka ujue kilichotokea kichwani mwangu pale benchi. Nilikumbuka kiazi. Kidato cha pili, maabara yetu yenye meza mbili, mwalimu alitukatia vipande vya kiazi mviringo, kimoja akakitia kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi. Kesho yake kile cha chumvi kilikuwa kimelegea kama sikio. Osmosisi. Niliikariri maana yake kwa Kiingereza, neno kwa neno, na kwenye mtihani nikapata alama zote za swali lile. Sikuwahi kufikiri kwamba kiazi kile kina uhusiano na jagi langu. Kilikuwa kitu cha daftari. Nilikuwa ninakijua na nimekutendea kinyume chake kwa mikono yangu, na hicho ndicho kilichonitisha kuliko hata kama ningekuwa sijakanyaga shule.

Siku mbili nilikaa naangalia tone. Ulikuwa unalilia maji na mimi nimekatazwa kukupa zaidi ya kijiko. Ulininyooshea mikono. Sijawahi kuogopa hivyo tena mpaka jioni ya leo.

Ulipona. Ulichelewa kurudi kutembea, mkono wa kushoto ulikuwa mzito kwa miezi, na mpaka leo unashika kikombe kwa wa kulia hata kikiwa kushoto kwako. Watu walipouliza nikasema ni degedege. Baba yako alipotoka Singida nikamwambia degedege. Alifariki hajui. Bibi yako akasema mtoto kaangaliwa na jicho baya, nikamwacha aamini hivyo.

Na wewe ukakua na hadithi hiyo. Siku unaomba nafasi chuoni uliandika kwenye barua yako kwamba ulinusurika degedege utotoni kwa sababu ya mama aliyekukimbiza hospitali, na kwamba unataka kuwa nesi kwa ajili ya watoto kama wewe. Ulinisomea kwa sauti, hapa hapa mezani. Nilikupigia makofi. Mungu anisamehe, nilikupigia makofi.

Sasa utauliza kwa nini leo. Sababu moja ni wewe na yule mama wa wodini. Sababu nyingine yuko uani na kamba.

Niruhusu nimseme kidogo, najua unanicheka. Juzi uliniambia, "Mama, unacheka kama msichana wa kidato cha tatu," na ni kweli, wiki sita za ndoa na bado nikisikia baiskeli yake getini nakwenda kujitazama kwenye kioo. Mume wangu! Neno hili nalirudia hata nikiwa peke yangu nafua. Yona wangu, na mikono yake inayonukia zabibu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na umri wangu, na kisukari kinachonyemelea, na magoti yanayolia, halafu mtu akamwekea bakuli la zabibu kavu kwenye maji tangu asubuhi ili jioni akirudi azikute zimevimba, laini, kwa sababu aliwahi kusema meno yanamsumbua. Mara moja tu nilisema! Alipoziweka mbele yangu mara ya kwanza nilizitazama zilivyonywa maji na kujaa, nikaanza kulia, naye akadhani zimechacha.

Hiyo ndiyo siku nilipomwambia. Tulikuwa bado wachumba, tuko Msalato shambani kwake, chini ya kivuli cha kichanja anachokaushia zabibu. Nilimwambia yote, nikijua ataniacha, na nilitaka aniache mapema kabla sijampenda zaidi, ingawa muda huo ulikuwa umeshapita zamani.

Akachukua zabibu moja akaigeuzageuza.

"Agnesi," akasema, "unaona pale mbele palipo wazi? Palikuwa na mizabibu themanini. Niliiua mimi."

"Kwa nini?"

"Mapenzi. Jirani alitia mbolea ya chumvichumvi kofi moja kwa kila shina, yake ikastawi. Mimi nikasema yangu naipenda zaidi, nikatia makofi mawili, nikamwagilia kidogo. Ikanyauka. Nikaona ina kiu, nikaongeza mbolea. Bwana shamba alipokuja nikamwambia ni mchwa."

"Mchwa?"

"Mchwa. Akanipa dawa ya mchwa. Nikapiga dawa ya mchwa shamba zima, na mchwa hata mmoja hakuna."

Nilicheka, Debora, nikicheka huku nalia, nikampiga bega. Nikamwambia, "Lakini mizabibu haikuiti mama, Yona."

Akaweka ile zabibu bakulini. "Hapana," akasema. "Basi mwambie anayekuita."

Nilimwahidi kwamba nitakuambia kabla ya harusi. Harusi ikapita. Nikasema baada ya mitihani yako. Mitihani ikapita. Nikasema ukipangiwa kituo. Umepangiwa. Na tangu ulivyosema maneno yale jikoni nimekuwa natembea nyumbani mwangu kama mwizi. Unaponiita nadondosha nilichoshika. Ukinikumbatia nahesabu, hii inaweza kuwa ya mwisho kabla hajajua.

Naogopa uso wako. Nilikuona ulivyokunja midomo ukimsema yule mama, na nimekuwa nikiuona uso huo umenigeukia mimi. Naogopa utaondoka kesho na usiandike. Naogopa utaanza kuuangalia mkono wako wa kushoto. Naogopa utaniita mama kwa sababu ya adabu tu. Ukifanya hivyo sitakulaumu, lakini sijui nitaishije hata na mume mzuri namna hii pembeni yangu, na huo ndio ukweli.

Lakini naogopa jambo jingine zaidi, na ndilo limenishinda nguvu. Huko Kolo ulikopangiwa, zahanati ni ndogo. Siku nyingi utakuwa peke yako. Atakuja mwanamke ametembea na jua, mtoto mgongoni, amemkorogea kitu kwa mkono aliofundishwa na mama yake, na ameshaanza kukiogopa. Atakusalimia kwa adabu. Utamuuliza amempa nini, naye atautazama uso wako kwanza kabla ya kujibu. Mimi nilimtazama nesi. Nilimsoma haraka kuliko barua yoyote niliyowahi kusoma, nikaona kwamba ukweli hapa unaniaibisha, basi nikauweka mfukoni, na wewe ukalipia ubongoni mwako. Kosa la chumvi lilikuwa la kutojua. Kosa la pale benchi nililitenda nikiwa najua. Ukitaka kunihukumu, nihukumu kwa lile la pili.

Yule mama wako wa wodini bado yupo hospitalini, au ameruhusiwa, sijui. Siku zote hizi nimemfikiria kuliko ninavyofikiria safari yako. Nadhani hata sasa hajui maji yalikwenda wapi na kwa nini. Pengine hakuna aliyechuchumaa akamchorea.

Siandiki ili unisamehe upesi. Daktari yule alinifundisha jambo hilo kwa matone yake, kwamba kilichokauka vibaya hakirudishiwi kwa kumiminiwa. Kama utahitaji mwaka, chukua mwaka. Kama utataka kujua saa ngapi nilikupa kikombe cha ngapi, nitakuambia, nakumbuka chote. Kama utataka kunifokea, nifokee, nimejifunga khanga mbili.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii ndani ya sanduku, katikati ya sare zako, uikute ukiwa umefika na mimi niko mbali, nisikuone ukisoma. Yona ameingia sasa hivi kuchukua kisu cha kukatia kamba. Ameona karatasi, ameniona mimi, ameuliza, "Nifunge sasa au bado kuna kitu cha kutia?"

Nimemwambia afunge.

Nakusikia unaongea na jirani getini. Unacheka. Nitakupa hii mkononi, Debora, ukiwa bado na viatu miguuni, na sitakwenda chumbani. Nitakaa kwenye kiti kinachokuelekea mpaka ufike mstari huu.

Niangalie.

Mama yako,
Agnesi